Kiti Kimoja Ndani ya Gari la Maiti

Nyie mliobaki karakana, kwanza kabisa acheni kukatia ngozi mkasi wangu wa vitambaa. Nimestaafu, sijafa. Mkasi wa ngozi ni ule mzito wenye mpini mweusi, unakaa droo ya chini, na unarudishwa droo ya chini.

Anayeandika ni Rehema, mwanangu. Mimi nasema tu, chai mkononi. Shule niliipita kwa nje nikiwa nimebeba maji, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande mlaumuni yeye, ndiye mwenye vyeti. Mambo ya mishahara hamtayasikia hapa, wala nani alipanda cheo. Aliyepanda alipanda, na ngazi yake anayo. Nasema kwa sababu Ochieng' alinipigia simu. Mnamjua Ochieng', mpiga bei wetu, yule Mkenya wa Arlington anayevaa shati la pasi mpaka kwenye vumbi la msasa. Akaniambia, na shosho ni bibi kwa Kikenya chao, "Shosho, hawa vijana wapya wananiuliza ile kiti ya gari ya maiti ilitoka wapi. Nikianza ku-explain, machozi. So wewe ndio utawaambia." Haya. Machozi na mimi ninayo, ila nina umri wa kuyatoa bila kuona haya.

Kazi yenu mnaijua, lakini Rehema anasema niieleze, asije akasoma mtu wa pembeni akapotea. Gari linakuja jipya, la kifahari, viti bado vina nailoni. Sisi tunalikata katikati kama mkate. Tunalirefusha kiuno, tunalijengea bodi nyingine kuanzia mgongoni kwa dereva kwenda nyuma, tunalivisha ndani upya. Kuna linalotoka limo la maharusi, kuna linalotoka gari la maiti. Bwana harusi na marehemu wote wanapenda nafasi ya kunyoosha miguu, na wote wawili wanaendeshwa. Mimi nilikuwa chumba cha kushonea: viti, dari, mapazia, kuta za ndani. Kwetu Morogoro nilishona viti vya mabasi na makochi kando ya barabara kuu mpaka mgongo ukachukua umbo la cherehani. Nikaja Houston kumlelea Rehema watoto. Watoto wakakua, wakaanza kunijibu Kiingereza. Nikaona bora nikajibiwe Kiingereza na watu wanaonilipa.

Siku ya kwanza kazini, Houston, mwaka ule wa elfu mbili kumi na saba kabla ya mafuriko, walinipa dari. Gari la maiti, dari refu la kitambaa cha kijivu. Nikapaka gundi kama nilivyopaka Morogoro, nikabandika, nikapitisha kiganja, safi. Nikaenda kula. Kurudi, dari lote limeshuka, limelala juu ya zile roli za kutelezeshea jeneza, kama limechoka kumsubiri mteja. Nimesimama pale mikono kichwani, nikasikia sauti nyuma yangu, nzito, ya polepole, kama trekta linawashwa asubuhi ya baridi.

"Maaama Taaabu. Houston ni sufuria. Humu gundi inaiva, haikauki."

Tabu ndilo jina langu, na huyo ndiye Harlan, mchoraji wa bodi. Mzee mrefu wa Texas, mifupa mitupu, kofia hatoi hata akiwa chini ya gari. Kiingereza chake Wamarekani wenzake walikuwa wanamwomba arudie, kwa hiyo hapa namsema kwa Kiswahili, na nikifika kwake lazima nivute maneno, mtanisamehe. Ndiye aliyenifundisha gundi ya kule: paka nyembamba mara mbili, subiri mpaka kidole kikigusa kisitoke na kitu lakini kiwe kimeshikwa kidogo, ndipo ubandike, na uanzie katikati kwenda pembeni. Mnalijua hilo kwa sababu nililisema mimi, na mimi nalijua kwa sababu yake.

Alikuwa anachora gari zima ukutani, ukubwa wake halisi, kwa tepe nyeusi nyembamba. Anavuta tepe kutoka taa ya mbele mpaka mkiani kwa mkono mmoja, mwingine unabandika nyuma yake, pumzi ameshika. Ikipinda asipopataka anabandua yote, anaanza upya, hatukani. Mimi ningetukana. Akiridhika na ukuta, anafinyanga bodi kwa udongo wa kahawia, ule unaopashwa moto kwenye jiko lake unanuka mshumaa. Akaniita siku moja. "Fumba macho, Maama. Pitisha kiganja. Jicho linadanganywa na rangi. Kiganja hakijui rangi." Nikapitisha. Nikasikia kitu kama bonde dogo karibu na mlango. Nikamwambia hapa pana shimo. Akasema, "Hapo ndipo mwanga utakaponikimbia." Akaongeza udongo. Tangu hapo hakuna kiti nilichokitoa mkononi bila kufumba macho. Na nyie fumbeni. Simu zitawasubiri.

Mafuriko yalipokuja, karakana ya Houston ikala maji mpaka juu ya vitasa vya milango. Tuliporuhusiwa kuingia, cherehani zangu zilikuwa zimejaa matope kama vyungu. Ukutani, michoro yote ya tepe imebanduka, inaning'inia. Mstari wa matope tu ndio umebaki, umekwenda ukuta hadi ukuta. Harlan akaukodolea macho muda mrefu. "Miaka yote hii," akasema, "sijawahi kuvuta mstari ulionyooka hivyo." Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia. Ndiyo siku niliyoona ana upara.

Wakatuhamishia Irving, masaa manne kwa gari kutoka Houston, kwenye karakana kubwa, hii mnayoifanyia kazi, ndege zinapita juu ya paa mpaka sindano inatetemeka. Rehema naye akapata kazi hospitali za huku, tukahama wote. Hapo ndipo nilipokutana na Ochieng', na Bahati mchomeleaji, Mkongo wa Uvira. Harlan akatuita mkutano wa mataifa. Kwenye meza ya chakula Mkenya anasema lake, Mkongo lake, mimi nasema lililo sahihi.

Sasa Ochieng'. Kazi yake ni kupiga bei ya bodi kabla haijazaliwa. Chuma kiasi gani, rangi mikono mingapi, ngozi, vioo, masaa ya kila fundi. Kila kitu lazima kiwe na mahali pa kuandikwa. Ukimwomba uzi wa hariri, anakuangalia kama umemwomba figo: "Sawa, shosho, lakini hiyo niandike wapi?" Nikitaka sponji nene: "Hiyo niandike wapi?" Nilikuwa namwigiza mbele ya wote, navuta suruali juu hivi, nakunja uso: "Bahati, umepiga chafya masaa ya kampuni. Hiyo niandike wapi?" Bahati anacheka mpaka anavua ile miwani ya kuchomelea. "Mama Tabu, utakufisha batu!" Yaani nitaua watu kwa kicheko.

Mwaka uliofuata nyumba moja ya mazishi ya Houston, wale wanaozika watu kwa kulipwa, ikaagiza gari la maiti la hali ya juu, bodi mpya kabisa, isiyofanana na ya mtu mwingine. Harlan akatuambia hiyo ndiyo bodi yake ya mwisho, akiimaliza anakwenda kukaa kwa kijana wake Houston. Akabandika tepe ukutani. Gari lilikuwa zuri, nisidanganye. Mgongo wake umeshuka taratibu kama mtu anayeinama kusalimia. Tulikuwa tunakula mbele ya ule ukuta, nami nikamuuliza, "Harlan, ndugu wa marehemu anakaa wapi?"

"Ndugu anakuja na gari lake, nyuma."

"Na marehemu yuko na nani?"

"Na dereva."

"Dereva anamjua?"

Akaacha kutafuna.

Nikamweleza. Kwetu maiti hasafiri peke yake. Mume wangu alifia Dar. Tulimpeleka Morogoro kwenye gari dogo, jeneza katikati, mabenchi huku na huku, ndugu wamekaa magoti yanagusa mbao. Mimi nilikaa kichwani, mkono wangu juu ya jeneza njia nzima. Barabara ikiwa mbaya namwambia, baba Rehema, hapa pana shimo, vumilia. Tukipita mji namtajia mji. Watu wanaimba, wanachoka, wanasinzia, mmoja lazima awe macho. Hapo hatujafanya ajabu yoyote. Mtu umeishi naye, utamtumaje kama kifurushi?

Bahati akasema, "Kwetu vilevile. Mufu habaki yeye peke. Ni kumutupa."

Ochieng' akasema, "Kwetu unaweza pelekwa Nairobi mpaka Kisumu na watu wamejaa gari, wengine hata hawakukujua, wameingia tu lift." Tukacheka.

Harlan hakucheka. Alisema, kwa sauti ile ile ya trekta, kwamba mkewe Lorraine alizikwa Houston, na gari lililomchukua alilichora yeye mwenyewe. Yeye alifuata nyuma na gari lake. Njiani wakafika kwenye taa. Gari la Lorraine likapita, yeye taa ikamgeukia nyekundu.

"Nikasimama, Maama. Barabara tupu kulia, tupu kushoto. Nami nimesimama, mikono kwenye usukani, namwangalia anaondoka na mtu asiyejua hata jina lake la utani. Nilipofika walikuwa wameshamshusha kwenye gari."

"Kwa nini hukupita?"

"Taa ilikuwa nyekundu."

Ndege ikapita. Kesho yake asubuhi tulikuta ukutani, ndani ya gari la tepe, pembeni ya jeneza la tepe, amebandika kiti.

Nyie mnadhani kiti ni kiti. Kiti pale kilimaanisha sakafu iimarishwe, maana mkanda wa usalama haufungwi kwenye hewa, unafungwa kwenye chuma. Kilimaanisha jeneza lisogee upande, kwa hiyo roli zote zihame, mlango wa nyuma uhame nazo. Kilimaanisha tundu la hewa, taa ndogo, mpini wa kujishikia. Ochieng' alikaa na hesabu zake siku kadhaa, akatoka uso umemshuka.

"Mzee, nime-try. Client amesema hawezi lipa hiyo. Hii kiti ina-push bei juu mbaya. Lazima itoke."

"Toa kitu kingine," Harlan akasema.

"Kitu gani? Magurudumu?"

"Ochieng', hii ni bodi yangu ya mwisho. Nataka itoke na kiti."

"Mzee, mimi sikatai. Niambie tu niandike wapi." Na kweli alikuwa anaomba, siyo kejeli. Lakini hapakuwa na mahali. Harlan akaenda ukutani, akabandua kile kiti, kipande kimoja kimoja, akakivingirisha kuwa kidonge cha tepe, akakitia mfukoni. Siku ile nilimwonea Ochieng' hasira nikaacha kumwigiza. Kwake hiyo ilikuwa adhabu.

Basi baba yake Ochieng' alikuwa amekuja kutembea, mzee wa Kisumu, mpole, anakaa pale Arlington analalamika kwamba hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Moyo ukamshinda, akafa hospitali. Wakenya wa makanisa wakajikusanya kama kawaida yao, safari ya mwili kwenda nyumbani ikapatikana. Siku ya kumpeleka uwanja wa ndege, Ochieng' akamwomba dereva wa gari la maiti apande naye. Dereva akamkubalia akae mbele. Nyuma ya viti vya mbele pana ukuta. Mnaujua ule ukuta, tumeutengeneza wenyewe, tumeuvisha kapeti, hauna hata kidirisha.

Aliporudi kazini nilimpelekea chai. Hakuinywa.

"Shosho, alikuwa anabisha."

"Nani?"

"Mzee. Njia yote. Kila tukipiga kona, ko, ko, ko, kwa hiyo ukuta. Kama mtu yuko nje anataka kufunguliwa."

Nikamwambia, mwanangu, ni roli zile, kizuizi hakikukazwa.

"Najua ni roli. Si mimi ndio huandika bei ya roli? Najua mpaka nati yake. Lakini alikuwa anabisha, shosho, na mimi nimekaa hapo nimefunga mkanda nikiangalia mbele."

Nikamshika kichwa nikamweka begani, shati la pasi na kila kitu. Aliponyamaza, akafuta uso, akavuta hesabu za gari la Harlan. Akakaa. Akaniita.

"Yale mapazia yako."

Mapazia yale, wanangu! Mahameli ya rangi ya zabibu, marinda ya mkono, mapindo mawili. Nilikuwa nimeshona upande mmoja, ulikuwa unaning'inia pale kila anayepita anaugusa. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya, na nasema hivyo nikijua nimeshona mpaka kiti cha askofu.

"Masaa yake na kitambaa chake," Ochieng' akasema, "na zile nakshi za dhahabu za nje, na mbao za pembeni. Nikitoa zote, kiti inaingia. Lakini mapazia ni yako, shosho. Sitoi bila wewe kusema."

"Toa."

"Una uhakika?"

"Toa kabla sijabadilika."

Akaenda kwa Harlan. Sikusikia walichosema. Niliona tu yule mzee ameingiza mkono mfukoni akatoa kile kidonge cha tepe. Alikuwa bado anatembea nacho.

Tukajenga. Kiti kilipimwa kwangu, kwa sababu Harlan alisema mwanamke mfiwa wa umri wangu ndiye atakayekaa mara nyingi, nami nikamwambia asante kwa kunichagua mrembo. Nikakaa kwenye boksi ndani ya chuma kitupu, Bahati ananishikia ubao badala ya jeneza. Harlan akasema, "Nyoosha mkono. Usijivute. Mkono uanguke wenyewe." Ulipoangukia ndipo palipowekwa ukingo wa jeneza. Kwenye hesabu Ochieng' akaandika: mkono wa shosho. Mbonyeo wa lile sponji ni wa makalio yangu, wageni wote wa gari lile wanakalia kumbukumbu yangu.

Halafu ndipo tukafanya ujinga wetu. Kiti tulikiweka nyuma tu ya dereva, kwa sababu kichwa cha marehemu kinatangulia. Sisi watatu tulikubaliana bila hata kuulizana. Harlan akatuamini, sisi ndio wenye desturi. Gari likaisha, likapakwa rangi, likang'aa. Mkuu wa ile nyumba ya mazishi akaja kutoka Houston na vijana wake kulikagua, wamekuja na jeneza tupu la kujaribia. Wakafungua mlango wa nyuma, wakalitelezesha ndani. Miguu mbele.

Nikakaa kwenye kiti changu, mkono ukaanguka wenyewe, pwa, kwenye vidole vya miguu.

"Aah! Mama, tumekosa," Bahati akasema. "Utamuombeleza viatu."

Ochieng' alikuwa amekuwa mweupe kama putty ya kuzibia mashimo ya bodi. Kuhamisha kiti nyuma ni kuanza gari upya. Harlan akavua kofia, mara ya pili namwona, akasema polepole, "Miguu nayo ni yake, Maama." Alisema ili kutufariji.

Mimi nikashuka nikamfuata yule mkuu. Namwigiza sasa, anaongea kama amemeza zumari: "Mama, tunawaingiza hivi tangu enzi za baba yangu." Nikamuuliza, baba yako alisema kwa nini? Akafikiria. Akafikiria tena. "Hakusema." Nikamwambia, basi mgeuze. Akaangalia jeneza, akaangalia vijana wake, akasema, "Kwa gari hili, sioni kinachozuia." Wakalitoa, wakaligeuza, kichwa mbele. Nikakaa. Mkono ukaanguka palepale. Ochieng' nyuma yangu ananong'ona kama anasali: "Hiyo ni bure. Hiyo ni bure kabisa."

Harlan akastaafu, akahamia Houston kwa kijana wake. Alikuwa ananipigia simu Jumapili. Yule mkuu naye alipiga karakana, akasema gari lina shida moja: watu hawataki kushuka. Kuna bibi mmoja aliomba wazunguke mara moja zaidi kabla ya kuingia makaburini, wakamzungusha. Nyumba nyingine za mazishi zikaanza kuulizia kiti. Ochieng' akakiwekea sehemu yake kwenye hesabu, imeandikwa KITI, peke yake, kama rangi, kama chuma.

Kisha ukaja ugonjwa. Elfu mbili na ishirini. Rehema akawa anarudi kutoka hospitali anavua nguo kwenye gereji, anakula amekaa ngazini mbali na mimi. Karakanani zikaja oda za magari ya haraka, matupu, ndani bati na roli basi, hakuna dari, hakuna ngozi, hakuna kiti. Bei yake Ochieng' anaimaliza kabla chai haijapoa. Chumba cha kushonea kikafungwa. Rehema akaniambia, "Mama, umri wako hurudi pale." Ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na keki.

Jumapili moja simu ya Harlan haikuja. Alikuwa amelazwa. Kijana wake hakuruhusiwa kuingia. Nesi alimshikia mzee simu sikioni, kijana akasema naye kutoka nje, sijui kama alisikia. Harlan alikufa hivyo, mtu aliyechora kiti ili wengine wasiondoke peke yao.

Nyumba ya mazishi ilikuwa ile ile. Gari lilikuwa lile lile.

Ochieng' akaja kunichukua Irving, Bahati nyuma, wote barakoa, madirisha yote chini mpaka kitambaa changu kinapigapiga kama bendera. Tukashika njia ya Houston. Tulipofika, gari limeshapakiwa, limesimama uani linang'aa. Nikamwendea dereva, kijana mnene mwenye macho ya kukosa usingizi. Nikamwambia, mimi nitakaa nyuma.

"Siwezi, mama. Hakuna anayepanda. Amri."

"Kiti kile nimekishona mimi. Kimepimwa kwangu."

"Nakuamini, mama. Siwezi."

Nikachungulia kioo. Kiti kimefunikwa nailoni, imebanwa kwa tepe kuzunguka. Chini ya nailoni naona mshono wangu, ule wa sindano iliyopinda. Nikamuuliza dereva jambo moja tu. Kichwa kiko wapi?

"Mbele, mama. Gari hili tunawaweka kichwa mbele siku zote."

Basi alikuwa amelala palepale, karibu na kiti. Mkono ungeanguka wenyewe.

Tukaondoka. Kijana wa Harlan na mkewe mbele na gari lao, kisha Harlan, kisha sisi. Waliobaki hawakuruhusiwa. Mji ule mkubwa ulikuwa hauna mtu, maduka yamefungwa, taa za barabarani zinabadilika zenyewe kwa zenyewe. Bahati akaanza wimbo wa kwao, chini chini, ndani ya barakoa. Mimi nikaanza kumtajia Harlan njia kutoka kule nyuma: hapa pana tuta, vumilia, hapa tunapinda kulia. Kama angesikia angesema, Maaama, najua Houston.

Tukafika kwenye taa. Gari la kijana likapita. Harlan akapita. Ikageuka nyekundu.

Ochieng' akakanyaga breki. Mtu huyu hajawahi kuegesha hata kwa kukanyaga mstari. Tukasimama. Kulia hakuna gari. Kushoto hakuna gari. Bahati akaacha kuimba. Mbele kule lile gari linapungua, ule mgongo wake unaoinama kama mtu anayesalimia, unazidi kuwa mdogo.

Nilimwangalia tu mikono yake kwenye usukani. Akaangalia taa. Akaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Akaachia breki, tukapita kwenye nyekundu, polepole, kisha kwa kasi, mpaka tukawa nyuma yake kabisa, naiona kofia ya Harlan imewekwa juu ya jeneza.

Machozi yanamwingia Ochieng' kwenye barakoa. "Shosho," akasema, "polisi wakitushika, hiyo faini niandike wapi?"

"Andika kwenye kiti."